Mwalimu wa Hoki ya Barafu, Darsait

Jumatano, 2 Desemba 1970

Leo nimesema uongo mmoja. Mdogo. Nauandika hapa ili nijue ulianzia wapi.

Tulikwenda kumpa Bwana Harub mkono wa sikukuu. Ndiye mwenye kiwanda cha barafu hapa Darsait. Baraza imejaa watu wa kwetu, waliozaliwa Unguja, wengi wamerudi nchi hii ya babu zetu mwaka huu baada ya milango yake kufunguliwa. Kila mmoja anaeleza alikuwa nani huko alikotoka. Mmoja alikuwa mhasibu Kuwait. Mmoja aling'oa meno Cairo. Mahfoudh, niliyekaa naye dawati moja skuli na kumpa majibu ya hesabu (mara mbili yalikuwa sahihi), sasa ana ofisi katika idara ya elimu. Kalamu tatu mfukoni mwa kanzu. Tatu.

Wakanigeukia. Na wewe Thani, miaka minne yote Uswidi ulikuwa ukifanya nini?

Ukweli ni kwamba nilikuwa napokea makoti. Kuna jumba kubwa wanamochezea hoki juu ya barafu. Mimi nilikaa mlangoni nyuma ya meza, napokea koti, natoa kibati chenye nambari. Kazi ya halali kabisa. Lakini ukiitaja mbele ya kalamu tatu inasinyaa.

Nikasema nilikuwa nafundisha watoto wadogo hoki ya barafu.

Mahfoudh akauliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, kama ni mchezo mgumu. Nikasema kwa wanaoanza ni mgumu, ndiyo maana wanahitaji mwalimu. Vichwa vikatikiswa. Nikajisogezea halua.

Hapo Bwana Harub akaweka kikombe chini. "Barafu," akasema, "mimi nnayo."

Alkhamisi, 3 Desemba

Gari ya Bwana Harub ilikuwa mlangoni kabla sijanywa chai. Dada yangu Muhsina, ninayekaa kwake tangu nilipofika mwezi wa kumi, alichungulia dirishani akauliza nimefanya nini. Nikasema nimepata kazi. Akauliza tena nimefanya nini.

Ghala liko nyuma ya kiwanda. Sakafu ya saruji, paa la bati, milango miwili mipana. Bwana Harub anataka watoto wa jamaa zetu, wa miaka sita mpaka tisa, ambao skuli bado hazijawatosha na wanazurura kutwa, wafundishwe mchezo huu. Na Jumatano ya tarehe 16 anakuja mgeni mkubwa wa serikali kukagua kiwanda. Bwana Harub anataka mgeni awaone watoto wakicheza juu ya barafu yake. Mgeni akipendezwa, hakosi kumtafutia Mwalimu Thani cheo cha michezo.

Nikaona njia ya kutokea ni kudai yasiyowezekana. Nikasema mchezo unataka mapande mia ya barafu kila siku. Akasema kiwanda kinatoa zaidi ya hayo. Nikasema chini ya barafu lazima kuwe na vumbi la mbao. Akamwita msimamizi, likaletwa. Nikasema viatu vya chuma. Akasema Darsait haina upungufu wa wahunzi. Nikataja joto. Akasema hii ni Desemba.

Tukapeana mkono.

Njiani kurudi nikaanza kukifikiria hicho cheo. Mkuu wa Michezo ya Watoto. Na meza, pengine pana kuliko ya Mahfoudh. Na nikipima vizuri, miaka minne makocha wa kweli walikuwa wakipita mbele yangu kila siku. Makoti yao nimeyashika kwa mikono hii. Mtu hujifunza.

Jumamosi, 5 Desemba

Mhunzi wangu ni Mbaluchi mwenye karakana nyuma ya msikiti. Kiarabu changu kimechanganyika na Kiswahili, chake na Kibaluchi, kwa hiyo nilimchorea kiatu mchangani. Kibao cha mguu, chini yake ukingo wa chuma, juu kamba za kufungia. Akautazama mchoro muda mrefu. Akauliza mtu huyu atakwenda upande gani. Nikasema mbele. Akauliza atasimama vipi. Nikamwambia hilo ni somo la mwezi wa pili.

Kisha magongo. Nikawaambia watoto kila mmoja aje na fimbo iliyopinda mwisho. Sikutaja bakora za babu zao. Naandika hili kama ushahidi: bakora sikuzitaja.

Kile kidude cha kupigwa nimekitengeneza kwa kopo la dawa ya viatu, nikalishindilia tende ndani ili liwe zito. Watoto wamekwishakiita kisahani.

Walioandikishwa ni saba. Wa nane nilimtaka Nasriya, binti wa Muhsina. Ana miaka saba. Alizaliwa Unguja, baba yake hatukumwona tena tangu ule mwezi wa Januari wa mapinduzi, na mama yake alimlea Mombasa kwa jamaa. Kiarabu chake ni cha kuokoteza. Siku ya kwanza hapa alikwenda bombani kuchota maji, akawaambia kitu watoto wa jirani, wakamcheka na kumwigiza mpaka mlangoni. Tangu siku hiyo kizingiti hakukivuka. Miezi miwili. Hata na sisi anasema kwa kichwa tu, ndiyo au hapana.

Muhsina alikataa. Alisema mtoto huyu hana haja ya mahali pengine pa kuchekewa. Nasriya alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Akatoka, akasimama karibu yangu, akatikisa kichwa. Ndiyo.

Jumatatu, 7 Desemba

Somo la kwanza.

Mapande yalipangwa asubuhi na wafanyakazi wanne. Kila pande lina kimo chake. Kati ya pande na pande ufa wa vidole viwili. Nikaamuru nyufa zijazwe maji yagande. Msimamizi, mtu mkavu anayenitazama kama mzigo uliokosea anwani, akauliza yatagandishwa na nini. Nikasema na barafu yenyewe. Yakamwagwa. Yakaenda zao mlangoni.

Viatu vya mhunzi vina uzito wa pasi ya mkaa. Somo lenyewe lilikuwa kusimama. Hakuna aliyefaulu. Hind, mjukuu wa mzee mmoja wa kwetu, Mzee Suud, msichana wa miaka minane mwenye amri kama ya polisi, alisimama muda wa kusema bismillahi, akaenda chini, akawaangusha na wawili. Wengine waliona heri wapige magoti na kuiramba barafu. Nikapuliza filimbi. Wakaramba kwa haraka zaidi.

Nasriya alikaa mlangoni nusu saa. Kisha akajifunga viatu mwenyewe. Akaingia, akaanguka. Alitazama huku na huku kuona nani anacheka. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesimama. Akainuka, akaanguka tena, juu ya Hind. Hind akamwambia kitu kwa Kiarabu. Nasriya akajibu, kile kile Kiarabu chake cha kuokoteza, na Hind akamvuta mkono wakaanguka pamoja.

Njia nzima ya kurudi alisema. Barafu inauma kama moto. Hind ana jino linalotikisika. Kesho atafika ukutani bila kushika mtu. Muhsina alikaa jikoni, mwiko mkononi, anausikiliza mdomo wa mwanawe ukienda mfululizo. Aliniongezea mchuzi.

Nimeamua kwamba mimi ni mwalimu hodari.

Jumatano, 9 Desemba

Thelathini na mmoja.

Leo nilikuta watoto thelathini na mmoja mlangoni. Sifa zangu zimefika mpaka Mutrah. Na jambo lililonigusa: kila mmoja amekuja na sufuria, bakuli au birika. Uswidi watoto huvaa kofia ngumu wasiumie vichwa, lakini mimi sikuwahi kulitaja hilo. Wamelibuni wenyewe. Nikawapanga mstari, nikawavisha sufuria, nikawasifu.

Somo likaisha. Watoto wakavua sufuria, wakavunja barafu kwa visigino vya viatu, wakajaza, wakaenda kwao mbio kabla haijayeyuka. Robo ya uwanja ilitoka kwa miguu. Mwanamke mmoja alinisimamisha njiani, akanishukuru sana kwa niaba ya mtaa, akaomba kesho mapande yawe makubwa kidogo, kwani yeye ana wageni na anataka kupoza sharubati.

Hilo lingenitosha kwa siku moja. Lakini Mahfoudh alikuwa amekuja. Amesimama pembeni na kalamu zake, anatazama. Akaomba, kwa adabu, nivae viatu nimwonyeshe yeye na watoto jinsi ya kwenda. Nikasema goti. Akauliza goti gani. Nikasema la kushoto, nikaanza kuchechemea. Nasriya akaniambia mbele ya wote kwamba asubuhi nilikuwa nachechemea la kulia. Sijui kwa nini nilimtaka mtoto huyu aseme.

Mahfoudh alinisindikiza mpaka kona. Alisema katika idara yao kuna nafasi ya ukarani, yangu nikiitaka, kuanzia hata kesho. Bila mbwembwe. Nikamshukuru. Ni wazi anataka niondoke kabla ya tarehe 16 ili asipitwe. Nimemgundua.

Ijumaa, 11 Desemba

Baada ya sala wazee saba walitoka msikitini wameshikana mabega, kama kipofu anamwongoza kipofu mwenzake. Nilipowaona niligeuza njia. Haikusaidia. Alasiri Mzee Suud alifika nyumbani, kashikwa na Hind mkono mmoja, na ukuta mkono wa pili. Ni ami yake Bwana Harub. Muhsina akambusu mkono, akamkalisha, akaniita kwa sauti ambayo naijua tangu utoto.

"Thani," akasema Mzee Suud, "mimi nna miaka sabini na mbili. Leo nimekwenda kusali kwa kushika kuta za watu. Bakora yangu nimeambiwa iko kwako inapiga makopo."

Nikasema ni mchezo wa kisasa.

"Bakora ile kanipa marehemu baba yangu. Nimetoka nayo Unguja. Ndani ya nyumba nimeacha kila kitu, hii nimetoka nayo." Akanionyesha kiganja kitupu. "Haina usasa wowote."

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Nilikwenda ghalani nikazikusanya bakora zote. Ile yake ilikuwa imevunjika kichwa, na kile kichwa Hind alikuwa amekifunga kwa kamba ya katani kwa bidii sana. Nilimrudishia hivyo hivyo. Aliigeuza mkononi, akampa Hind aibebe, wakatoka.

Nilikaa ukumbini. Muhsina akaniuliza kama sasa nitamwambia Bwana Harub ukweli. Nikasema ndiyo, kesho.

Nimepata wazo: mafundi wa Mutrah wanaweza kuchonga magongo ya mbao kwa siku mbili. Kesho nitamwambia Bwana Harub hilo.

Jumapili, 13 Desemba

Leo kuna mwanamke alisubiri mlangoni kwa ghala tangu asubuhi na kikapu kimefunikwa gunia. Jina lake Masouda, wa Sidab. Kaka zake wanavua, yeye ndiye anayeuza. Nilidhani kaleta mtoto kumwandikisha. Nikamwambia nafasi zimejaa.

Akaingia mpaka katikati, akaufunua ule mzigo juu ya barafu yangu. Jodari. Wawili wazima, wamelegea, macho meupe. Harufu ilisukuma watoto mpaka ukutani.

Alisema siku sita sasa wanafika kiwandani wanaambiwa barafu imekwisha. Samaki wa Alkhamisi wamewafukia mchangani. Wa jana wamewafukia. Hawa kaleta ili mtu awaone. Kisha akatazama mapande yaliyopangwa, viatu vya chuma, sufuria, na kisahani changu, ambacho muda huo kilikuwa kimepasuka na mtoto mmoja alikuwa akila tende zilizomo.

"Kumbe iko hapa," akasema. "Mnaikanyaga."

Nilimweleza kuhusu mgeni na faida za michezo kwa watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mimi nna watoto. Nikasema sina. Akasema yeye anao watano, na kwamba anayo masikio pia, ila hajasikia nilichosema. Akaniachia samaki niwabebe mwenyewe. Nikawabeba mpaka jaani, watoto thelathini nyuma yangu wamebana pua.

Nilimwendea Bwana Harub kusema barafu irudi kwa wavuvi. Wallahi nilikwenda kwa nia hiyo. Akanionyesha barua: mgeni amethibitisha, Jumatano saa tatu asubuhi. Akanishika bega, akaniita fahari ya jamaa. Nikamwambia kila kitu kiko tayari.

Jumanne, 15 Desemba

Hakuna kitu kilicho tayari.

Jua limerudi kama la mwezi wa nne. Mapande yanayopangwa saa moja asubuhi saa nne ni madimbwi. Watoto wanajua kuanguka vizuri sana, kuanguka mbele, nyuma, wawili wawili, lakini kwenda hawajui. Nasriya peke yake anaweza kufika ukutani. Leo alifika na kurudi. Alinitafuta kwa macho kuona kama nimemwona. Nilikuwa nabishana na msimamizi. Nilimwona baadaye, ameketi na Hind wanabadilishana kamba za viatu.

Wakati wa chakula cha mchana nikakumbuka. Unguja kulikuwa na muuza aiskrimu mwenye pipa la kuzungusha. Pembeni mwa pipa aliweka barafu, na juu ya barafu chumvi ya mawe. Tulimwuliza ya nini, akasema chumvi ndiyo inayoifanya barafu iwe baridi zaidi. Baridi zaidi. Na mimi shida yangu ni joto.

Nimeagiza magunia matatu ya chumvi kwa jina la Bwana Harub. Msimamizi aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia hili ni la kisayansi.

Jumatano, 16 Desemba

Saa mbili asubuhi mapande yamepangwa, yanang'aa. Nikamwaga chumvi kwa mikono yangu, sawasawa, kama mkulima. Nikaweka mkono juu. Kweli, baridi mno. Nilifurahi kama dakika tano.

Kisha barafu ikaanza kulia. Sauti ndogo ndogo za kupasuka, kila upande. Mapande yakalainika, yakawa uji. Saa tatu mgeni hajafika. Saa tatu na nusu uji umefika vifundoni. Watoto, wamevaa nguo za sikukuu, wamepanga mstari ndani ya maji ya chumvi na viatu vya pasi. Wenye michubuko magotini wakaanza kupiga kelele, kwa kuwa chumvi nayo ilikuwa inafanya kazi yake. Mmoja akalia kwa nguvu, wakafuata wote. Nasriya alinishika kanzu. "Mjomba, tufanye nini?"

Nikamwambia asubiri, nakwenda kuleta kitu.

Gari zikasikika nje. Nilimwona Bwana Harub kavaa joho, Mahfoudh nyuma yake, na mtu mrefu simjui, ambaye wote wanampisha. Nyuma ya ghala kuna chumba cha magunia. Nikaingia. Nikafunga mlango.

Kilichotokea sikukiona. Nilikisikia. Kwanza kilio kile kile. Kisha yowe la mtoto, kisha mayowe mengi, vishindo, maji yanarushwa, bati linagongwa. Nikajua watoto wamefanya ghasia na mgeni amelowa. Kisha nikasikia jina langu. Bwana Harub: Thani yuko wapi? Kisha Mahfoudh: Thani! Kisha sauti nisiyoijua, ya Kiarabu fasaha, inauliza mwalimu ni nani na aletwe. Mara ya mwisho ilikuwa sauti ya mtoto, karibu kabisa na mlango. Nikalala chini, nikajivutia magunia mawili juu.

Nilitoka baada ya adhana ya adhuhuri. Hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yamekwisha kutoka, na sakafu imeacha chumvi nyeupe, nzuri kwa kuitazama. Nikatembea mpaka nyumbani kwa njia ya nyuma.

Alkhamisi, 17 Desemba

Nayaandika kama nilivyosimuliwa na Nasriya, na Muhsina, aliyekuwa amekuja kutazama, na mwisho na Mahfoudh. Watatu wanakubaliana, kwa hiyo sina pa kushika.

Mgeni aliingia, akawakuta wanalia. Nasriya akangoja kama nilivyomwambia. Alipoona sirudi, akavua viatu. Akaingia peku kwenye ule uji, akachukua gongo lake la Mutrah, akakipiga kisahani kipya nilichomtengenezea. Na kisahani juu ya saruji iliyolowa kikaruka ghala zima kikagonga bati. Hind akatupa viatu vyake. Wote wakatupa. Wakaanza kukimbia na kuteleza kwa nyayo, kupiga, kuanguka, kupiga tena. Kwa siku tisa niliwafunga vyuma miguuni; walipovivua wakacheza.

Mgeni alicheka mpaka akajifuta macho. Akamwita Nasriya, akamwuliza kwa Kiarabu huu ni mchezo gani. Nasriya akamweleza. Kwa urefu, kwa Kiarabu chake, mbele ya watu wote wazima wa Darsait. Alipokosea mgeni hakumsahihisha, na hakuna aliyecheka. Akaulizwa nani kawafundisha. Akasema mjomba wangu.

Wakaniita kunipongeza.

Walidhani labda ni Mahfoudh, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amewashika mikono wadogo. Mahfoudh akasema si yeye, ni Thani, subirini kidogo. Wakasubiri. Mgeni ana shughuli nyingi. Mwisho akasema watoto wasiachwe bila mtu, idara iwachukue, wacheze pale pale ghalani alasiri, bila barafu, na Mahfoudh awasimamie. Kuhusu barafu, alimwuliza Bwana Harub kwa nini pale mlangoni kuna wavuvi wamekaa na vikapu vitupu. Tangu jana barafu yote inakwenda kwa wavuvi wa Sidab na Qantab.

"Mjomba, ulikuwa wapi?" Nasriya aliniuliza. "Mimi nilikuita."

Nikasema nilikuwa nashughulikia mambo ya nyuma. Alinitazama. Akanyoosha mkono, akanitoa uzi wa gunia nyweleni, akaushika vidoleni. Hakusema kitu. Ningependa angesema. Siku hizi anasema kila kitu.

Mahfoudh alikuja alasiri. Tulikaa barazani. Nafasi ya ukarani bado ipo, alisema, na jioni nikitaka nije ghalani nimsaidie na watoto, maana wananiulizia. Nilijua lazima nimwambie habari ya makoti. Nikaanza na ile meza ya mlangoni.

"Nnajua," akasema. "Binamu yangu alipita Uswidi kikazi. Ulimpokelea koti. Alifurahi sana kukuona."

Nikamwuliza kama alijua tangu siku ya sikukuu.

"Tangu siku ya sikukuu."

Na kwa nini hakusema?

"Nilidhani utaacha mwenyewe. Halafu nikamwona yule mtoto anasema, nikaogopa kuharibu." Akanywa kahawa yake. "Hata hivyo ile ilikuwa kazi, Thani. Watu walikuwa na baridi."

Nililia kidogo baada ya yeye kuondoka. Muhsina alinipa leso bila kuuliza. Nimekwenda kwa Mzee Suud nikamwomba radhi, akanisamehe, kwa ufupi. Nimeapa mbele ya dada yangu, na naapa hapa kwa maandishi, kwamba kuanzia leo nitasema ninachokijua tu, na nisichokijua nitasema sikijui.

Jumamosi, 19 Desemba

Siku ya kwanza ofisini. Meza ndogo, karibu na dirisha. Kazi yangu ni kunakili barua kwa hati safi. Hati yangu ni nzuri. Mahfoudh alipita, akatazama, akasema safi sana. Nilikuwa mtulivu. Nilifikiri, basi hivi ndivyo wanavyoishi watu wakweli.

Saa nne akaingia mkubwa mmoja kutoka ofisi ya juu. Amesema shehena ya vyombo vya beni imekwisha fika Mutrah, tarumbeta, ngoma, zumari, zawadi kwa watoto wa skuli. Vyombo vipo, mpigaji hakuna. Akauliza kama kati yetu yuko mtu yeyote anayejua kuongoza beni.

Watu wanatazama meza zao. Mahfoudh alikuwa ananitazama mimi, kwa macho makubwa, anatikisa kichwa polepole.

Nilifikiri sana, si kwamba sikufikiri. Utotoni, bustani ya Forodhani, kila wiki nilisimama mbele kabisa ya beni ya polisi. Mbele kabisa, mwenye fimbo nilikuwa namwona mgongo. Ule mkono wake unapanda, unashuka, unapanda. Nakumbuka kila kitu.

Nikanyoosha mkono.

Tunaanza Jumamosi ijayo, watoto arubaini. Nimeambiwa nitapewa joho jekundu. Mahfoudh hajasema na mimi tangu saa nne, na Muhsina bado sijamwambia, namngojea amalize kupika. Lakini nimelipima jambo hili pande zote na sioni hatari yake. Tarumbeta haliyeyuki.